Mama wa Mwenye Kinu

Mtu asikudanganye kwamba Nyanchera alikuwa mpole. Mimi ndiye niliyeolewa na mwanawe, Nyasani, nikaishi ng'ambo ya ua wake, na ninakuambia alikuwa mkaidi kuliko fahali. Ukaidi huo ndio uliomweka hai.

Mwaka wa 1951 Nyasani alijenga kinu cha maji mtoni, chini ya mlima wetu karibu na Nyaramba. Wanawake waliosaga wimbi kwa jiwe tangu usichana wakapumua. Pesa zikaingia, na mume wangu akaamua kwamba mama yake amefanya kazi ya kutosha. Akamnunulia kiti chenye mgongo, akampiga marufuku kushika jembe, na chai ikawa inaletwa na sukari ya kusimamisha kijiko. Mama akanenepa. Majirani wakamsifu Nyasani kwa unene huo.

Kisha ikaja kiu isiyoisha. Alikokojoa nyuma ya nyumba, sisimizi wakakusanyika. Kidonda kidogo cha mguu kikakataa kupona. Tukampeleka hospitali, na dresa mmoja Mjaluo, mfunga vidonda aitwaye Opondo, akamtafsiria maneno ya daktari: ni ugonjwa wa sukari. Alipoulizwa anashinda akifanya nini, akajibu kwa majivuno kwamba hafanyi kitu, ana mwana.

"Basi huyo mwana atakuzika mapema," Opondo akamwambia. "Acha sukari, punguza chakula, na mguu ukipona uutumie. Mwili wako umekaa sana."

Mwingine angeyasahau hayo njiani. Yeye alipofika tu alilitoa jiwe lake la kusagia pale nilipoliweka kuzuia mlango wa banda la kuku, akaliosha, akapiga magoti. Mguu bado mbovu, lakini mikono ilikuwa mizima. Tangu hapo kila asubuhi tulisikia jiwe likikwaruza, naye akiimba juu yake. Chai akainywa bila sukari, uso umekunjamana.

Shida ni kwamba njia ya kinuni ilipita mlangoni kwake. Jirani yetu Nyangate akasimama na kikapu chake, akasikiliza, akageuka. Kufikia jioni soko zima lilikuwa linauliza, huo unga wa Nyasani una nini hata mama yake mzazi haugusi. Wengine wakasema ni mimi, mkamwana mvivu nisiyemsagia. Niliwajibu, na majibu yangu hayaandikiki. Lakini wateja wakavuka mto kwenda kinu kingine, chetu kikabaki kinazunguka bure.

Mume wangu akaenda kusimama mlangoni kwa mama yake, maana kwetu mwana aliyetahiriwa haingii ndani hivi hivi. Akamsihi aache kusaga.

"Mama, unaniua njaa."

"Nikiacha nitakufa mimi," mama akasema bila kuinua kichwa. "Chagua kaburi la nani lichimbwe kwanza."

Nyasani akarudi kinuni. Kesho yake jiwe halikulia. Nilidhani mama amerudi kwenye kile kiti. Kumbe alikuwa anaukagua mguu wake. Kidonda kilikuwa kimefunga.

Akatoka na raba miguuni, alizonunuliwa dukani kwa Bharat, Mhindi wa Nyamira mjini, kikapu cha wimbi kichwani. Watu wakamcheka, bibi mzima na viatu vya watoto wa shule. Akateremka hadi kinuni, akasagisha, akachota unga kwa kiganja na kuulamba mbele ya wanawake waliokuwa wakivuka mto, kisha akaupanda mlima akihema. Akapitia kwa Nyangate.

"Lete kikapu chako, mwanangu. Wewe uko na goti baya. Kesho nitakusagishia mimi."

Nyangate angekataaje, na majirani wanatazama? Akatoa kikapu, na wengine wakafuata. Mama akawa mbebaji wa wimbi la wote waliochoka miguu mlimani kwetu, mvua inyeshe, jua liwake. Sukari haikumwacha, Opondo alishamwambia haitamwacha. Lakini kiu ilipungua na kidonda hakikurudi. Mimi mwenyewe, na umri wangu mdogo, nilishindwa kwenda naye sambamba kwenye ule mlima.

Nyasani akaona aibu, akanunua punda wa kumsaidia mzigo. Mama akamtazama yule punda kutoka masikio hadi kwato.

"Huyu naye ana sukari?" akauliza.

Akajitwika kikapu, akashika njia ya mtoni. Punda akamfuata nyuma, mgongo mtupu.