Karatasi Nilizobandua Nyuma ya Picha

Iko siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu. Nikiisimulia hata leo moyo unanienda mbio, vile nilivyokimbia siku ile kutoka katikati ya mji hadi Newtown na kitambaa cha vumbi mkononi. Nakuandikia wewe uliyezaliwa hapa Johannesburg, unayenijibu Kizulu nikikusemesha Kiswahili. Mimi niliishia darasa la tano kule kwetu Baraka, basi usinitafute makosa ya kalamu. Sikiliza habari yenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Niliingia nchi hii na suruali moja, maana vyeti vyetu vyote viliungua pamoja na nyumba ya baba, waasi walipoichoma wakati wa vita. Aliyewaonyesha waasi mlango wetu ni Gervais, jirani, fundi wa baiskeli. Namtaja jina kwa sababu yeye aliyataja yetu.

Kazi nilipewa na Shadrack, mtu wa Lubumbashi, tuliyemwita Chef, yaani mkubwa wetu. Alikuwa na kikundi cha wabebaji, na makumbusho moja ya mjini ikamwita atoe picha ghalani ili kuta zipakwe rangi. Picha za Wazungu wa zamani: mabibi wenye kola kubwa, ng'ombe wamesimama mtoni, samaki kwenye sahani.

Aliyekuwa na dhamana ya picha zote za Ulaya hakuwa Mzungu. Alikuwa Mama Dikeledi, mtoto wa Soweto, mwanamke mfupi, miwani yake inaning'inia kwenye kamba. Kazi yake waliiita kyureta. Mimi nilidhani kyureta ni mtu wa kusema picha hii itundikwe hapa, ile pale. Kumbe ni karani, daktari na polisi mtu mmoja. Anataka kujua kila picha ilichorwa wapi, ilikaa kwa nani, ilipasuka lini, nani aliishona. Wenzangu walimtania, wakamuuliza imekuwaje mtu mweusi analinda mababu wa Wazungu. Akawajibu kwamba ndugu zao wanalinda magari ya Wazungu Sandton usiku na mchana, na magari hayana hata hadithi. Tulicheka mpaka Chef akatufokea.

Sasa kosa langu. Alasiri moja Chef aliniambia nifute vumbi kwenye fremu. Nikafika kwenye picha ndogo ya mwanamke anayemenya tufaha dirishani. Nikaigeuza. Nyuma, eish, palikuwa pachafu: vikaratasi vinne vya manjano, pembe zimechanika, mihuri imefifia. Niliona aibu kwa niaba yake. Uso mzuri vile, mgongo kama ukuta wa stesheni. Nikaleta maji na kisu cha siagi, nikavibandua vyote, nikasugua hadi mbao ikang'aa. Vikaratasi nikavitupa kwenye mfuko wa karatasi chakavu. Nikarudi zangu La Rochelle, mtaa niliokuwa napanga chumba, najiona mfanyakazi kuliko wote.

Kesho yake saa tatu asubuhi Mama Dikeledi aliingia ghalani anakaribia kuruka kwa furaha, barua mkononi. Alitusimulia wote, hata ambao hawakuuliza. Kuna bibi mmoja huko Ulaya, miaka yake imepita sabini. Katika vita vikuu vya pili wazazi wake walinyang'anywa nyumba na kila kilichokuwemo, kisha wakauawa, kwa sababu tu walikuwa Wayahudi. Bibi huyo alikuwa mtoto. Anakumbuka picha ya mwanamke na tufaha juu ya kitanda chake, na ameitafuta maisha yake yote. Mama Dikeledi alikuwa mgeni kwenye kazi ile, anapitia ghala rafu kwa rafu, na picha hiyo hajaiandika bado. Lakini aliwahi kuichungulia, na alikumbuka kuna jina la ukoo kwenye kikaratasi cha nyuma. Likiwa ndilo, picha imempata mwenyewe.

Akaigeuza. Mgongo mtupu.

Akauliza nani ameigusa. Kabla sijafungua mdomo Chef akanisemesha kwa Kiswahili, lugha ambayo mama yule haijui, polepole kama mtu anayeagiza chai.

"Nyamaza, mdogo wangu. Karatasi yako ya ukimbizi inaisha mwezi ujao. Wewe hujui kitu, na mimi sijui kitu."

Kisha akamgeukia kwa Kiingereza, akamwambia picha imekuja hivyo hivyo. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Nilivitazama masaa matatu, mwanangu. Mama Dikeledi aligeuza picha zote, labda amekosea. Mimi ndiye niliyekuwa nambebea. Nilimsikia kwenye simu na nikaelewa hatari yake. Wakubwa wa pale hawakupenda kuipoteza picha. Sasa ushahidi umefutika picha ikiwa mikononi mwake, watu wa yule bibi watasema ni yeye aliyeukwangua ili picha ibaki. Ataitwa mwizi, na bibi atakufa bila picha yake.

Kwenye saa sita aliniita nimshikie tochi. Akanionyesha kuilaza kabisa, mwanga utambae juu ya mbao badala ya kuipiga usoni. Hapo yakatokea maumbo manne ya pembe nne, meupe kuliko mbao yote.

"Unaona?" akasema. "Hapa mbao haikuwahi kuona hewa. Mpaka jana palikuwa na kitu." Akapitisha kidole juu yake. "Na aliyekitoa si mwizi. Mwizi hasugui."

Nikaiweka tochi chini.

"Mama, ni mimi. Nilitaka pawe safi."

"Ziko wapi?"

"Kwenye mfuko wa karatasi."

Tulitoka mbio. Nje mfuko haupo. Ilikuwa siku ya taka, na wale vijana wa kuvuta magunia makubwa barabarani walikwisha kupita, na kwao hakuna kitu kitamu kama karatasi. Mlinzi wa geti alisema mfuko umechukuliwa na Msotho mwenye blanketi, ameelekea Newtown. Mama Dikeledi akavua viatu, akavishika mkononi, tukakimbia. Taa za robot barabarani nyekundu, anapita. Teksi zinapiga honi. Dereva mmoja akatoa kichwa akamuuliza kama anamkimbia mume. Akamjibu bila kusimama kwamba anamfukuza.

Tulimkuta Msotho kwenye yadi wanakonunua karatasi, gunia lake tayari liko juu ya mizani. Mama Dikeledi akamsemesha Kisotho, akamwita Ntate, yaani baba, akamweleza habari yote huku anahema. Ntate yule hakuuliza la pili. Alilishusha gunia, akalimwaga chini lote, akapiga magoti kutafuta pamoja na sisi.

Watu watatu tumezama kwenye magazeti na maboksi ya maziwa. Na hapo ndipo aibu iliponishika vizuri. Mimi, ambaye kila baada ya miezi michache napanga foleni tangu alfajiri ili nipigiwe mhuri kwamba nipo, nimemfutia mwingine mihuri yake kwa kitambaa.

Nilizipata mimi. Zilikuwa zimegandamana kwenye karatasi ya mkate. Nikataka kuzivuta, akanipiga mkono. Alizilaza kiganjani, akadondoshea maji kwa kifuniko cha chupa, tone, tone, mpaka zikaachana zenyewe. Ya kwanza haisomeki. Ya pili ni namba tu. Ya tatu ilikuwa na jina. Akavaa miwani, akafungua barua, akalisoma herufi moja moja, jicho huku, jicho kule.

Lilikuwa ndilo. Ntate akavua kofia. Mama Dikeledi akanishika masikio mawili, anacheka na machozi yanamtoka, akacheza ngoma pale pale juu ya magazeti, hana viatu.

Tukirudi alitangulia, karatasi zimelala kiganjani. Penye kona ya makumbusho akasimama, akaniita kaka kwa lugha yao.

"Kubandua nakusamehe, Abuti Alimasi. Hukujua. Lakini masaa matatu ulinitazama natafuta, na ulijua. Hayo sina la kuyafanya."

Hakuna aliyewahi kunichapa kama maneno yale.

Picha ilikwenda kwa bibi, baada ya wakubwa kununa karibu mwaka mzima. Shadrack alinifukuza jioni ile ile, na kanisani kwetu, mtaa wa Rosettenville, akanitangaza mtu anayeuza ndugu zake. Baadaye Mama Dikeledi alinichukua kwenye kikosi cha kutundika picha, na ndiyo kazi iliyowalea watoto wangu. Masaa matatu hakuyataja tena. Mimi ninayo.

Basi shika haya, mwanangu. Usisafishe kitu kabla hujajua ni cha nini. Uliza, wakikucheka wacheke. Ukiharibu, sema saa ile ile, maana kila dakika unayonyamaza kuna mtu anaumia mbele ya macho yako. Na ukisikia sauti ya nyumbani inakunong'oneza unyamaze, inakuita mdogo wangu, jiulize inamlinda nani. Gervais alikuwa jirani yetu. Shadrack alikuwa wa kwetu. Yule aliyemwaga gunia lake zima chini hakujua hata jina langu.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na miguu myepesi ya kukimbilia kile ambacho bado kinaokoleka. Akupe na mtu wa kukimbia naye. Amina.