M ya Mwanamume, M ya Mwanamke

Niseme mwenyewe kabla hujasikia kwa watu: mimi ndiye niliyewapanga wasichana wa chuo kizima kulala bweni la wanaume. Ilikuwa kwenye karatasi tu, lakini karatasi yenyewe ilibandikwa getini, na Dodoma mtu akiona karatasi imebandikwa lazima asimame aisome.

Ilikuwa miaka ile biashara zimeachiwa huru, kila mwenye chumba kinachotazama barabara anaweka kompyuta na kuandika ukutani "Intaneti". Mimi shule niliishia kidato cha pili, hesabu na mimi tukaachana bila talaka. Nikawa nasukuma mkaa kwa baiskeli kutoka Nkuhungu. Mama mmoja niliyekuwa nampelekea mkaa alifungua duka la kompyuta, akaniruhusu niguse mashine, nikagusa mpaka akachoka akaniajiri. Rafiki yangu pale alikuwa jamaa wa fotokopi. Tuligawana meza moja, na maandazi yake.

Chuo kimoja cha ufundi kikatupa kazi: wanafunzi wake waje dukani wajaze fomu kwenye kompyuta, kisha mashine iwapangie mabweni.

Kazi ya namna hiyo sheria zake unaziandika mara mbili. Kwanza kwenye databesi, yaani kabati la taarifa: hapa inakaa namba, hapa pasiachwe wazi, hapa mwisho herufi kadhaa. Halafu unazirudia zilezile kwenye ukurasa anaojaza mtu, ili akikosea aambiwe palepale. Mimi nilikuwa nabadilisha huku, kule nasahau. Basi kwa uvivu wangu nikatengeneza kiprogramu kinachokwenda kulisoma kabati chenyewe, kisha kinaandika sheria za ukurasa bila mimi kugusa. Kilipofanya kazi nilitembea kifua mbele kama jogoo wa jirani.

Tatizo, kabati lenyewe nilikuwa nimelinakili kwenye kitabu cha Kiingereza. Kwenye jinsi, kitabu kilisema herufi moja. Waingereza wenyewe inawatosha, wana M yao na F yao. Mimi nikabandika maneno ya Kiswahili juu, ile herufi moja nikaiacha ilivyo. Na kiprogramu changu, kitiifu kuliko mimi, kikatii.

Msichana anakaa, anaandika "Ke" kama alivyozoea tangu shule ya msingi. Yanatoka maandishi mekundu: "Isizidi herufi moja." Anafuta. Anawaza: mwanamke. Anaandika M. Anakuja mvulana, mwanamume, naye M. Mashine ikiona M inapeleka bweni la wanaume. Msichana mmoja tu ndiye aliyeandika K, akapewa bweni zima la wanawake peke yake.

Asubuhi ya kufungua chuo, matroni wa wasichana akaingia dukani na ile karatasi mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ila leo niite baba, maana kwa hesabu zako mimi nalea wanaume watupu."

Jamaa wa fotokopi akainama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikudondoka.

"Wanangu wamekalia magodoro yao nje, vumbi linawapiga," matroni akasema. "Nakupa mpaka jioni. Isipotengemaa narudi kwenye daftari langu, na kazi hii hamuioni tena."

Alipotoka, mama mwenye duka akaniuliza bila kupandisha sauti. "Baiskeli yako bado ipo?"

"Ipo, mama."

"Ina upepo?"

Nikaelewa.

Jamaa akanishauri nifanye kama wenzangu: nikitupe kile kiprogramu, niiandike hiyo sheria ya jinsi ukurasani kwa mkono, yaishe. Nikakataa. Kiprogramu hakikukosea, kilisoma nilichoandika. Mjinga alikuwa kabati, na aliyelitengeneza kabati unamjua. Nikiziba ukurasani, kesho litavuja pengine, na mimi na baiskeli tutaonana tena.

Nikalirudia kabati. Kwenye jinsi nikafuta herufi moja, nikaandika: yanakubaliwa maneno mawili, Me na Ke, basi. Kisha nikakifundisha kiprogramu jambo ambalo hakikulijua, kwamba kikikuta maneno yaliyoruhusiwa, kisimwachie mtu nafasi ya kuandika, kimpe achague. Kikagoma. Nikarekebisha, kikagoma tena kwa namna mpya. Mchana ukapita, nikala andazi la mwenzangu bila kumuomba. Hapohapo nikaona sanduku la posta nalo nimelifanya namba tupu, wakati watoto wa vijijini wanaandika "kwa mchungaji, Buigiri". Nikalilegeza palepale kabatini, na ukurasa ukafuata wenyewe bila mimi kuugusa. Hapo ndipo nilipojua siendi kusukuma mkaa.

Nikamtuma mtu kwa matroni. Akaja na wasichana wake, wamejaa vumbi mpaka kope, wakajaza upya mmoja mmoja. Matroni akasimama nyuma ya kila kiti. Mwisho akakaa yeye, akaandika jina lake, akafika kwenye jinsi, akaona Me na Ke zinamsubiri. Akachagua, akabonyeza. Mashine ikampangia kitanda bweni la wanawake.

"Haya," akasema. "Nimerudi kuwa mama." Akaichukua karatasi mpya, akamwambia mama mwenye duka kwamba muhula ujao watakuja tena.

Mama hakunisifu. Aliniambia tu baiskeli niiuze, inaziba mlango.

Tulipokuwa tunafunga duka, jamaa wa fotokopi akanipiga begani. "Hongera, bwana. Mashine yako imeshamjua mwanamke. Umebaki wewe."