Bwana Fidla na Tetea Mwekundu

Bwana Fidla, kama mtaa ulivyomwita, alifundisha muziki sekondari, na jioni alitunga muziki wa okestra. Muziki mzito, wenye kilio kirefu hadi shemeji yake aliwahi kuuliza marehemu ni nani.

Mkewe alifuga kuku na bata uani, chini ya dirisha la chumba cha kutungia. Mumewe akishika kalamu tu, tetea mwekundu aliyeitwa Bibi Harusi kwa maringo yake hutangazia mtaa mzima kwamba ametaga.

"Mnyamazishe huyo!"

"Kwa lipi? Yeye akitaga, tunakula. Wewe ukitunga, tunakula nini?"

Bwana Fidla akanuna. Kwa hasira akaziandika kelele zile nota kwa nota, mkewe asikie zinavyokera. Fidla zikatetea, klarineti ikawa bata, tarumbeta akapewa jogoo. Hasira ikaisha, mkono ukakataa kuacha. Akawa anatoka na kigoda chake, anakaa mbele ya banda na kumbembeleza Bibi Harusi: "Tena kidogo, mama." Jirani akamshauri mkewe ampeleke mumewe hospitali mapema.

Siku okestra ilipoupiga muziki huo wa kuku mbele ya watu, ukumbi ulijaa. Bata wa klarineti walipoanza kugombania maji, mtu mmoja nyuma akaangua kicheko, kikaambukiza ukumbi mzima. Bwana Fidla, aliyekuwa akiongoza okestra, masikio yakawaka moto. Alidhani anachekwa. Laiti jukwaa lingekuwa na shimo, angetumbukia.

Lakini kilibaki kipande cha mwisho: mvua inakuja, tetea anaita vifaranga waingie chini ya mbawa. Fidla moja tu, polepole. Kicheko kikakatika. Mama mmoja mstari wa mbele akamvuta mwanawe kifuani. Sauti ya mwisho ilipozimika, watu wakasimama wakipiga makofi, na Bwana Fidla akasahau hata kuinama.

Nje, mkewe alimshika mkono.

"Nimemtambua Bibi Harusi. Ila umempendelea, baba watoto. Hana sauti nzuri vile."

"Muziki lazima upambwe kidogo."

"Basi kuku kapambwa. Mimi mkeo hujanitungia hata mluzi."

Bwana Fidla aliuanza wimbo wa mkewe kesho yake asubuhi, akataka uwe wa taratibu. Mkewe akasikiliza mlangoni, mikono kiunoni, kisha akasema wimbo wa taratibu ni wa wagonjwa, yeye anataka wa kucheza.