Apolline na Karatasi ya Kutoka Sange

Wiki ile Apolline hakutulia mahali. Alitandaza ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye mchanga wa ufukwe wa Kimanga, Uvira, akazigeuza kabla jua halijakausha hata upande mmoja, zikamkatikia mikononi. Wanawake wenzake wakamwambia aende nyumbani akapumzike. Akaenda, na kabla maji ya ugali hayajachemka alikuwa amerudi ufukweni.

Kilichomsumbua ni karatasi. Jumapili, baada ya ibada, mchungaji Félicien alimwita kando. Akamweleza kwamba Sylvestre, mume wake, anataka kufunga ndoa ya kanisa na mwanamke mwingine huko Sange, lakini kanisa la kule linataka kwanza kujua ndoa yake ya Uvira ilivunjikaje. Sylvestre ameandika barua kwamba mke wake ndiye aliyekataa kumfuata. Jumamosi kamati ya wazee wa kanisa itakaa, na Apolline atatakiwa kutia sahihi tu.

Apolline akajibu, "Ndiyo, mchungaji." Hivyo ndivyo alivyozoea kumjibu kila mtu.

Lakini mambo hayakuwa hivyo. Mto Mulongwe ulipofurika na kubeba nyumba yao, Sylvestre alikwenda Sange kutafuta shamba la mpunga, akaahidi kumwita. Mwaka mzima ukapita. Apolline alipomfuata mwenyewe, alipokelewa mlangoni na mwanamke mjamzito. Sylvestre akatoka, akamwambia mbele ya majirani kwamba mke aliyeharibikiwa mimba tatu ni mtu wa bure, hana cha kudai. Siku hiyo hiyo Apolline akapanda basi kurudi Uvira. Hakumsimulia mtu. Aliyaamini yale maneno.

Jumatano jioni akamtembelea Mama Naomie, kiongozi wa akina mama kanisani, mwanamke mzito wa mwili na mwepesi wa kucheka. Apolline alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akakaa tena. Mama Naomie hakumuuliza kitu. Alimwambia tu waombe, na yeye Apolline aanze.

Apolline akafumba macho, akaanza kama alivyoanza kila siku. Alisema, Bwana, minye, mimi muntu wa bure, niko mbele yako. Mama Naomie akamshika mkono, akamkatisha.

"Ile jina, nani alikupa?"

Apolline akafumbua macho.

"Minye nauliza, mwanangu. Ni Mungu alikupa ile jina?"

"Hapana, mama. Ni Sylvestre."

"Basi usimupelekee Mungu jina ya Sylvestre. Anza tena."

Akajaribu, asipate neno la kuanzia. Ndipo maneno mengine yakamtoka, ya Sange, ya mimba, ya ule mwaka wa kusubiri, yote kwa fujo, na hakujua kama anamwambia Mungu au Mama Naomie. Alilia mpaka kifua kikamuuma. Hata hivyo hakuondoka na amani. Alhamisi na Ijumaa alitembea ufukweni huku na huku, akijaribu kuomba bila lile jina, na kila mara ulimi ulirudi palepale. Wakati mwingine aliishia kusema tu, "Baba, ni Apolline."

Jumamosi kamati ilikaa ndani ya kanisa, watu saba kwenye mabenchi mawili. Sylvestre alikuja na shati lililopigwa pasi, akasalimia kwa heshima. Barua ikasomwa, kalamu ikawekwa mbele ya Apolline. Mzee mmoja akamwambia atie sahihi upesi, maana basi la Sange halitamngoja Sylvestre.

Apolline akaisukuma kalamu kando.

"Mchungaji, minye sitatia mukono kwa hii karatasi. Iko bongo, uongo mutupu."

Sylvestre akacheka kidogo, akawaambia wazee kwamba huyu hajawahi kujua anachotaka. Apolline hakumtazama. Akasimulia safari yake ya Sange tangu mwanzo, mlango aliobisha, maneno aliyoambiwa. Mwishoni akasema, "Watoto wangu watatu, Mungu anawajua. Na minye ananijua. Sitasema uongo juu ya muntu aliyeumbwa na yeye, hata kama ule muntu ni minye."

Mchungaji Félicien akakunja barua na kumrudishia Sylvestre. Akasema kamati itaandika yake, yenye habari za pande zote mbili.

Sylvestre aliondoka bila kuaga. Baadaye ilisikika kwamba alifunga ndoa ya serikali, huko huko Sange. Kanisani wapo waliosema Apolline amemwaibisha mwanamume hadharani, na mmoja wa wazee hakumsalimia kwa miezi miwili. Jambo hilo lilimnyima usingizi. Alijiuliza mara nyingi kama alikosea, akamuuliza Mungu pia, na kila asubuhi akashuka ufukweni kufanya kazi yake.

Kisha Amandine, msichana wa kwaya aliyeolewa mwaka uliotangulia, akamfuata pale kwenye ndagala. Alisema ana neno la kumwambia mchungaji juu ya mambo ya nyumbani kwake, ila anaogopa kwenda peke yake. Apolline akanawa mikono ziwani, akafunga kitenge vizuri, wakaenda.