Paa Gumu na Sare ya Bi Ikupa

Watanzania wa upande wa magharibi wa Sydney walilijua gari la Januari kabla hawajalijua jina lake. Lilikuwa Suzuki fupi ya zamani, rangi ya majani makavu, ambayo kiwanda kiliipa mwili wa chuma mpaka usawa wa kiuno, na kuanzia hapo kwenda juu kikaiachia turubai jeusi lenye zipu na madirisha ya plastiki. Upepo ukivuma, turubai lilipigapiga kama nguo kwenye kamba. Binti yake Atu, aliyeelewa Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza, aliomba kila asubuhi ashushwe kona moja kabla ya shule.

"Dad, it's a tent," alisema.

"Wana wa Israeli walikaa kwenye mahema miaka arobaini," Januari alimjibu, "na hatusomi popote kwamba mtoto aliomba kushushwa konani."

Januari alikuwa na shahada ya jiografia, na nyuma yake miaka mingi ya kufundisha sekondari huko Mbeya. Sasa, akiwa amevuka hamsini, aliwapeleka wazee wa watu hospitali na kuwarudisha, akawashika mkono bafuni, akawamenyea mayai. Hakuilalamikia kazi hiyo. Alichojiuliza, hasa akiwa peke yake kwenye usukani, ni kama zamani alikuwa mwalimu mzuri kweli au alizoea tu kuitwa mwalimu. Swali hilo hakuwahi kulimaliza, kwa kuwa alikuwa mtu wa kulishuku jibu kabla hajalitamka.

Jambo moja tu hakulitilia shaka: watu walimwamini kwa mizigo yao. Hakuna Mtanzania anayekuja Australia na vitu vyake peke yake. Daima ana mfuko wa mtu mwingine ndani ya begi lake, na ndege ikitua lazima pawe na mtu wa kuipokea mifuko hiyo na kuisambaza. Mtu huyo alikuwa Januari. Kwenye Suzuki yake vilipita vitenge vya harusi, picha za marehemu, vyeti vya ubatizo, na viatu vya mtoto ambaye mguu wake ulikwisha kuvipita kabla havijafika. Hakuna kilichowahi kupotea.

Sababu ya kutopotea ilikuwa utaratibu aliofundishwa na Kinuthia, Mkenya mwenye gereji ya kunyoosha bodi za magari huko Minto. Mwaka wa kwanza Januari alifunga milango kama mtu yeyote. Asubuhi moja alilikuta turubai limechanwa kwa kisu kutoka dirishani hadi nyuma, na mwizi ameondoka na boksi la glavu za plastiki na nusu pakiti ya biskuti.

"Mwalimu, hii gari usilock," Kinuthia alimwambia akilipima turubai jipya. "Ukilock, jamaa anapasua. Ukiiwacha wazi, anafungua, anaona hakuna kitu, anaenda zake. Ndani usiwache hata peremende."

Basi ikawa hivyo: gari tupu, mlango wazi. Kila mzigo wa mtu aliingia nao nyumbani kwa mteja, akauweka mguuni pake huku akimvalisha mzee soksi. Alipoteremka, mikono ikiwa imejaa, aliusukuma mlango kwa kiwiko na kuondoka bila kugeuka. Alifanya hivyo miaka nenda rudi, mpaka kiwiko chenyewe kikajua kazi yake bila kuambiwa.

Mwaka huu Bi Ikupa, mama yake Brigitha, mwenzao wa kanisani, alianza kufa taratibu katika chumba cha nyuma cha nyumba ya bintiye, pale Quakers Hill. Alijua kwamba anakufa, na hakuogopa ila jambo moja. Siku Januari alipokwenda kumsalimu, alimshika kifundo cha mkono kwa vidole vilivyobaki mifupa.

"Mwanangu, nisizikwe na gauni la dukani. Sare yangu ya akina mama wa parokia iko Kyela kwa dada yangu, kwenye sanduku, na kilemba chake cheupe. Niliiweka kwa ajili ya siku hiyo. Wenzangu wote wametangulia nayo. Nikifika bila sare, watanijuaje?"

"Mama, Mungu anawajua watu wake wote," alisema Brigitha aliyekuwa amesimama mlangoni na taulo begani.

"Kwa Mungu sina wasiwasi. Nasema akina mama."

Dada mtu aliitoa sare sandukuni, na ikapewa Erasmus, kijana wa chuo aliyekuwa likizo Tanzania na sasa anarudi masomoni. Kitenge cha aina ile hakikuwa kikichapishwa tena, na Brigitha alimweleza Januari mara mbili, kana kwamba yeye ndiye angekichapisha.

"Kaka Januari, huo mfuko ukipotea hakuna mwingine."

Maneno hayo yalimkosesha Januari usingizi. Alilitazama turubai lake kwa macho mapya na kuona kwamba kati ya mkono wa mwizi na jambo la mwisho ambalo Bi Ikupa alilitaka duniani palikuwa na kitambaa tu. Mkewe, Leokadia, hakumsaidia.

"Baba Atu, miaka yote unabeba vitu vya watu chini ya mwavuli," alisema. "Leo ndiyo umeshtuka?"

Jumamosi iliyofuata alikwenda Minto. Kinuthia alikuwa na paa gumu la faiba, lenye vioo vya kweli, alilolitoa kwenye Suzuki nyingine iliyogongwa mbele. Lilikuwa limeegemezwa ukutani. Januari akalizunguka, akaligonga kwa kidole, akarudi nyuma.

"Ndugu yangu, kioo nacho si kinavunjika?"

"Kinavunjika, lakini kinapiga nduru. Turubai inakatwa kimya kimya kama mkate. Mwizi wa mchana hapendi kelele."

"Na gari likiwa na paa gumu, si atajua kwamba ndani mna kitu? Sasa hivi wananidharau, na dharau yao inanilinda."

Kinuthia alitupa kitambaa chake chenye grisi juu ya meza. "Mwalimu, wewe ukipewa chai unauliza kama kikombe iko na ajenda. Unataka ama hutaki?"

Januari alitaka na hakutaka. Turubai lilikuwa limemlazimisha kuwa mwangalifu. Alihofu kwamba paa gumu lingeifanya kazi hiyo kwa niaba yake, naye asingejua tena yeye mwenyewe anafanya kazi gani. Wazo hilo alilifikiria vizuri kabisa, kwa ukamilifu, akiwa amesimama pale gerejini. Kisha akalipuuza, kwa sababu alikwisha kujizoesha kuyapuuza mawazo yake yote kwa usawa.

Walilinyanyua pamoja, wakalifunga kwa bolti. Alipowasha gari na kutoka, hapakuwa na kitu kinachopigapiga. Kinuthia aligonga kioo, akangoja kishushwe.

"Sasa hii unalock. Umeskia? Hii si kama ile."

"Mimi si mtoto, Kinuthia."

Erasmus alitua asubuhi ya Jumatano. Pale uwanja wa ndege alimkabidhi Januari mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kamba ya katani, wenye harufu ya dawa ya nondo. Januari aliupokea kwa mikono miwili. Alikuwa amepanga kuufikisha Quakers Hill adhuhuri, lakini kwanza alikuwa na mzee wake wa Villawood, Mpolandi aliyeingia nchini enzi za hosteli ya wahamiaji na hakuwahi kuhama mtaa, ambaye ilibidi aogeshwe na kupelekwa kliniki.

Alisimamisha gari kwenye barabara ya maghala, mkabala na nyumba ya mzee. Aliutazama mfuko uliokuwa kwenye kiti cha nyuma. Siku nyingine zote angeingia nao. Lakini leo alikuwa na paa la kweli, na aliona haya kuiweka sare ya maziko ya mama wa watu kwenye vigae vya bafu la mtu mwingine, karibu na beseni. Akaufunika kwa koti lake. Akateremka, akachukua fremu ya kutembelea ya mzee kwa mkono mmoja na mkoba wa kazi kwa mkono mwingine, akausukuma mlango kwa kiwiko, akaondoka bila kugeuka.

Aliporudi akimshikilia mzee, gari lilikuwa vilevile. Alimpandisha, akamfunga mkanda, ndipo akaona koti lake limeanguka sakafuni. Mfuko haukuwapo.

Kitu cha kwanza alichokitafuta hakikuwa mfuko. Alitafuta vipande vya kioo chini, na alivitafuta kwa matumaini. Alilizunguka gari lote akiinama. Lami ilikuwa safi. Hapo ndipo alipokumbuka kiwiko chake.

Alifungua mapipa yote ya takataka ya mtaa ule, akaingiza mikono, huku mzee akimwita garini kuuliza kama wanachelewa. Polisi aliyepokea simu alimuuliza kwa upole kama kulikuwa na dalili yoyote ya kuvunjwa. Hapakuwa na dalili. Alimpeleka mzee kliniki, akamrudisha, akampigia simu Kinuthia.

"Ulilock?"

"Mkono ulisahau."

"Mkono!" Kinuthia alishusha pumzi. "Sasa sikiliza, mwalimu. Vunja hiyo kioo ya nyuma. Useme walivunja. Mimi nitakuwekea ingine, na hakuna mtu atajua. Huyo mama anakufa, unataka kumwambia nini, ati mkono?"

Januari aliendesha hadi maegesho ya nyuma ya kituo cha treni cha Quakers Hill, akalisimamisha gari kando ya ukuta. Alitoa spana ya magurudumu. Aliyapanga maneno atakayomwambia Brigitha, na yalikuwa maneno mazuri, kwa kuwa yalimwacha yeye kama alivyokuwa: mtu aliyefanya kila linalowezekana akashindwa na ubaya wa dunia. Akaupiga uso wa kioo. Spana iliteleza, ikamrudi kwenye vidole. Akapiga tena kwa nguvu zaidi, kisha tena, na kila mara kioo kilitoa sauti nzito kama ngoma na kubaki kizima. Mwanamke aliyekuwa akipita na kigari cha mtoto alivuka barabara. Kinuthia alisema kweli: kelele ilikuwa kubwa, na paa lilikuwa imara. Lingemzuia mwizi. Lilikuwa likimzuia hata mwenye gari.

Aliirudisha spana chini ya kiti. Mpaka leo hajui kama aliacha kwa sababu ya dhamiri au kwa sababu ya vidole, na kila akijitahidi kuamini la kwanza, vidole humuuma.

Brigitha alimfungulia mlango, akatazama mikono yake mitupu.

"Ndege imechelewa?"

"Imefika. Mfuko umeibwa garini, dada. Sikufunga mlango."

"Hukufunga." Alilisema kama mtu anayeonja kitu kilichooza. "Siku zote hufungi?"

"Siku zote."

"Na sisi siku zote tunakupa vitu vyetu." Alisogea pembeni, akamwachia njia. "Kamwambie mwenyewe. Mimi siwezi."

Bi Ikupa alikuwa macho. Januari alipiga magoti kando ya kitanda, akaeleza kwa sentensi fupi, kama wanafunzi wake walivyofanya zamani walipojua kwamba fimbo iko njiani. Alipomaliza, bibi alijipapasa kichwani kwa vidole.

"Wamechukua na kilemba?"

"Na kilemba, mama."

"Basi."

Akageukia ukutani, kwa shida, mwili kwanza kisha kichwa. Januari alingoja neno jingine, la hasira au la kusamehe, lolote lile. Halikuja.

Huko Kyela dada mtu alitafuta kitenge kinachofanana, akakipata chenye buluu iliyokolea zaidi, akakipeleka kwa fundi. Bi Ikupa alikufa fundi hajapinda pindo. Walimvika gauni jeupe lililonunuliwa dukani Blacktown, gauni zuri, na akina mama waliomvalisha walisema amependeza.

Baada ya hapo simu za mizigo zilikoma. Hakuna aliyemgombeza Januari. Watu walimsalimu kanisani kama kawaida, wakamuuliza habari za Atu, na mifuko ikaanza kupokelewa na mtu mwingine.

Lakini siku ya maziko yenyewe, kabla ya misa, Brigitha alikuja pale alipoegesha. Alikuwa ameshika msalaba wa mbao wenye jina la mama yake na picha yake iliyotiwa fremu, ambamo Bi Ikupa amevaa sare, kilemba kimesimama. Vitu hivyo vilipaswa kungoja nje hadi safari ya makaburini, na gari lake lilikuwa limejaa wageni. Januari alimfungulia mlango bila kuthubutu kumtazama. Brigitha akavilaza juu ya kiti, akaviegemeza visianguke, akarudi nyuma.

"Funga," alisema.

Januari alifunga kwa ufunguo. Brigitha akanyoosha mkono, akakivuta kitasa. Mlango haukufunguka. Akazunguka upande wa pili, viatu vyake vikilia kwenye kokoto, akavuta na kile cha pili, kisha cha mlango wa nyuma. Kengele ya kanisa ilikwisha kugongwa na watu walikuwa wakiingia. Januari alisimama na ufunguo mkononi, akangoja amalize.