Skripti iliyowafanya akina Thembo kuwa mtu mmoja

Ni siku ya soko Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, saa mbili asubuhi, na Kukunda hajawasha mashine ya fotokopi. Wateja wawili wanamsubiri mlangoni. Macho yake yako kwenye kompyuta, anajaribu tena skripti ambayo jana ilikataa katakata.

"Ngojeni kidogo," anawaambia. Mmoja anajiondokea.

Skripti ni programu ndogo inayobandikwa kwenye programu kubwa ili ifanye kazi fulani. Anazozitunza Kukunda ziko tisa, zote zimeandikwa na watu wa kujitolea wa huku huku. Programu kubwa, ya bure, hutuma ujumbe kwa simu nyingi kwa pamoja. Mto ukijaa Mahango, mlinzi wa huko juu anatuma neno moja, na skripti zinalisambaza hadi Muhokya kule bondeni, kwa Kikonzo na Kiswahili. Tangu 2012 Kukunda ndiye anayepokea skripti mpya, kuzijaribu, na kuzirekebisha kila toleo jipya la programu linapotoka. Hakuna anayemlipa.

"Watu inafikiri hii kitu inajiendesha," anasema. "Iko mimi."

Alizaliwa Hima, baba yake akiwa kibarua wa kiwanda cha saruji aliyetoka Kabale. Kikonzo anakisikia, ila kukizungumza ni taabu. Nalitaja hilo kwa sababu ndipo balaa lilipopitia.

Mwaka jana, 2016, mwenzake Kanyesigye, naye mtoto wa wahamiaji, alileta skripti ya kusafisha namba. Watu hubadilisha laini ovyo, na salio lilikuwa linaishia kwenye namba zilizokufa. Basi skripti yake iliangalia jina: likijirudia katika kijiji kimoja, ilibakiza namba iliyoingia mwisho na kufuta nyingine. Kukunda aliijaribu kwa majina ya ndugu zake wa Kabale. Ikafanya kazi vizuri. Akaipitisha.

Sasa, Wakonzo, wenyeji wa huku, humpa mtoto jina kwa mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo majina ni yale yale. Muhokya ina akina Thembo wa kutosha timu ya mpira, na wengi walijiandikisha kwa jina hilo tu. Skripti ikawafanya wote mtu mmoja.

Mwezi wa tano mwaka huu mto ulijaa na ujumbe ukatoka. Thembo mmoja aliupata. Mwingine, mfyatua matofali, hakupata kitu, na mkewe Erina alikuwa mtoni akifua.

"Simu nilikuwa nayo mkononi," ananiambia Thembo huyo nyumbani kwake. "Mto iko hapo tu. Ningeita, angesikia." Ananyoosha mkono kuonyesha upande wa bondeni. "Walimtoa huko chini, kwa matete."

Hakumtukana Kukunda. Alifunga safari hadi Bwera kumuuliza kwa upole kama alikosea kuandika namba yake.

"Heri angenipiga," anasema Kukunda.

Skripti ile aliifuta siku hiyo hiyo. Lakini sasa wenye programu wametoa toleo ambalo halikubali skripti yoyote ya zamani. Zote tisa ziandikwe upya, na mvua haziko mbali. Peke yake hawezi, na safari hii hathubutu. Kanyesigye yuko Kampala, hapokei simu. Hardy, Mkongomani aliyeandika ile ya Kiswahili, alirudi kwao Beni na simu yake imezimika.

Dada yake Hardy, Laurentine, anauza vitenge hapo hapo sokoni. Naye hana la kumpa. "Hardy hatumusikie tena," anamwambia Kukunda. "Kule vita inamaliza batu. Dada, unamungojea bure."

Namuuliza Kukunda atafanyaje. Anafunika kompyuta.

"Nafunga," anasema. "Mtu ikijua hakuna ujumbe, itaangalia mto yenyewe. Ikingoja simu yangu, itakufa. Mimi nimechoka kuogopa kila mawingu ikikaa kwa mlima."

Maneno ya kuwaaga ameshayatunga: huduma imekwisha, msingoje simu, angalieni mto. Hataki yapite kwenye skripti yoyote. Amezirudisha namba zote zilizofutwa na atapiga mwenyewe, moja moja, kila akipata salio. Tumaini lake ni kwamba wote watapokea.

Ameanza na Muhokya. Kila Thembo anayepokea, Kukunda, asije akamchanganya na mwenzake, anamuuliza kwanza mke wake anaitwa nani.