Gata za Upande wa Nyuma

Fundi wa gata, mifereji ya kukingia maji ya paa, ambaye mtaa mzima ulimwita Pima Mbili, hakutaja bei kabla ya kuona maji yakishuka. Alipanda ngazi na ndoo, akamwaga maji pande zote mbili za paa la mama mjane, kisha akashuka kuangalia.

"Fundi mwenzako alitazama kutoka barabarani tu, akasema mbele na nyuma, mita ishirini na mbili," mama alimwambia. "Nusu ya fedha ninayo. Kwa iliyobaki, nimepata mnunuzi wa cherehani yangu."

"Huyo alipima mfuko wako, mama, hakupima paa."

Maji ya mbele yaliangukia sakafu ya saruji, yakaenda zake mtaroni. Ya nyuma ndiyo yaliyokuwa yakila msingi. Fundi alijua kwamba akinyamaza, kazi yote ni yake. Lakini riziki ya kumpokonya mjane kinachomlisha haishuki kooni.

"Nyuma tu, mama. Mita kumi na moja, nusu ya bei ile. Cherehani haiuzwi."

Mama aliketi kizingitini, akacheka huku machozi yakimlengalenga. "Jamani, mwanangu! Na mimi nilishaanza kuiaga."